Kupanga na Kufundisha Kozi ya Kemia ya Mwaka wa Kwanza Chuo Kikuu: Mwongozo Kamili

Mhadhiri anayekabidhiwa kozi ya utangulizi wa kemia kwa mara ya kwanza huwa na njia moja ya kuipanga: anafungua kitabu cha kiada, anahesabu sura, anazigawa kwa wiki za muhula. Sura 14, wiki 14, ratiba imepatikana. Wiki ya 9 inapofika bado yuko sura ya 6. Msawazo (hali ya mmenyuko kwenda pande zote mbili kwa kasi sawa), asidi na besi, na elektrokemia zinabanwa kwenye wiki mbili za mwisho, wakati wanafunzi wamechoka na mitihani ya kozi nyingine inawakimbiza. Mada ambazo wauguzi, wahandisi na watu wa kilimo watazihitaji kuliko zote ndizo zinazofundishwa kwa pupa.

Kosa liko kwenye kipimo. Mada hazina mwisho, lakini saa za mwanafunzi zina mwisho. Mwongozo huu unaanzia kwenye saa hizo na kwenye kile unachotaka mwanafunzi aweze kufanya zikishaisha.

Hatua ya 1: Jua wanaokaa darasani ni nani

Katika vyuo vingi, wanafunzi wa kemia wenyewe ni wachache kwenye kozi ya kemia ya mwaka wa kwanza. Wengi wanatoka udaktari, famasia, uhandisi, biolojia, lishe, kilimo. Kabla hujaandika chochote, pata orodha ya programu zinazoleta wanafunzi, kisha ongea na mtu mmoja kutoka kila idara. Usimuulize "mnataka tufundishe mada gani?", maana atakutajia zote. Muulize: wanafunzi wetu wakifika kwenu mwaka wa pili, wanakwama wapi? Majibu huwa ya kawaida kuliko unavyotegemea. Hawajui kuandaa mmumunyo wa ukolezi fulani. Hawajui pH inasema nini. Hawawezi kubadili miligramu kwa lita kuwa moli (kipimo cha wingi wa chembe) kwa lita. Sijawahi kusikia idara inayolalamika kwamba wanafunzi wamesahau namba za kwantamu.

Jambo la pili ni hisabati. Wiki ya kwanza toa jaribio fupi la dakika 20, lisilo na alama, lenye mambo manne: kupanga upya mlinganyo ili kupata kisichojulikana, uwiano, namba kwa vipeo vya kumi, na logi. Bila kikokotoo kwa nusu ya kwanza. Usitafute kujua nani ana akili. Unatafuta wale watakaokwama kwenye hesabu ya moli kwa sababu ya uwiano huku wewe ukidhani tatizo ni kemia. Wapangie vipindi vya ziada kati ya wiki ya 2 na ya 4, kabla hesabu hazijawa nzito. Wiki ya 8 ni kuchelewa.

Hatua ya 2: Andika mtihani wa mwisho kabla ya mhadhara wa kwanza

Ushauri huu huwakera watu, lakini ndio unaookoa muda mwingi kuliko mwingine wote. Keti uandike maswali kumi ambayo mwanafunzi aliyefaulu kozi hii ni lazima aweze kuyajibu. Maswali kamili, yenye takwimu, si vichwa vya mada. Ukishindwa kuandika swali zuri kuhusu mada fulani, jiulize inafanya nini kwenye kozi.

Kila swali ligeuze kuwa tokeo la kujifunza linaloanza na kitenzi kinachoonekana kwa macho: *kokotoa, chora, tabiri, eleza kwa nini, chagua, andaa*. "Kuelewa bondi" hakuna anayeweza kukusahihishia. "Kuchora umbo la molekuli na kutabiri kama itayeyuka kwenye maji, kwa sababu" kunapimika. Matokeo 10 hadi 15 yanatosha kozi nzima. Yakifika 40, hiyo ni faharasa ya kitabu.

Hatua ya 3: Hesabu saa

Chukua muhula wa wiki 14 wenye mihadhara mitatu ya dakika 50 kila wiki. Ni mihadhara 42. Toa mmoja wa siku ya kwanza, mitatu ya majaribio, miwili ya marudio, na miwili kwa sikukuu na dharura, maana dharura hazikosekani. Imebaki 34. Ukiigawa kwa sura 14, kila sura inapata pungufu ya mihadhara miwili na nusu. Stoikiometria, yaani hesabu za kiasi cha dutu kwenye mimenyuko, peke yake inataka mitano ikiwa unataka ishike. Kwa hiyo kuna vitu lazima vitoke. Mshika mbili moja humponyoka, na mshika 14 hubaki na silabasi nzuri tu.

Sasa hesabu upande wa mwanafunzi, upande ambao idara nyingi huusahau. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yote, darasani na nje. Kozi ya krediti 6 ni saa 150 hadi 180, yaani takriban 11 hadi 13 kwa wiki. Mihadhara, semina na maabara zikichukua saa saba, zimebaki kati ya nne na sita za kusoma, kufanya mazoezi na kuandika ripoti. Ukidai ripoti ya maabara ya kurasa kumi inayokula saa tano, umeamua, pengine bila kujua, kwamba wiki hiyo hakuna atakayefanya mazoezi ya stoikiometria. Tengeneza jedwali lenye safu tatu: wiki, kazi unazotoa, saa zinazohitajika. Wiki inayozidi kiwango, punguza kazi. Unapokadiria, chukua muda unaoutumia wewe na uzidishe mara tatu au nne.

Nini kitoke? Haya ni maoni yangu: historia ndefu ya modeli za atomu, kukariri namba za kwantamu, majina ya kampaundi adimu, na mbinu za kutatua msawazo kwa aljebra nzito. Visiguswe: chembe, moli, bondi na umbo la molekuli, nishati, msawazo, asidi na besi.

Hatua ya 4: Panga mfuatano

Kuna njia mbili kuu. Ya zamani huanza na vipimo, moli, milinganyo na stoikiometria, ndipo inaingia ndani ya atomu. Ya pili huanza na atomu, elektroni, jedwali la elementi na bondi, kisha mimenyuko. Njia ya pili ina mtiririko mzuri wa hoja, kwa sababu mwanafunzi anajua kwanini sodiamu hutoa elektroni moja kabla hajaulizwa kusawazisha mlinganyo wake. Ugumu wake ni maabara: kwa wiki tano za kwanza hakuna jaribio la vipimo linaloendana na mhadhara. Njia ya zamani inailisha maabara vizuri, lakini inawatupa wanafunzi kwenye hesabu kabla hawajawa na picha yoyote ya kinachohesabiwa.

Chagua yoyote, mradi msawazo uanze kabla ya nusu ya muhula kwisha. Ni dhana inayotaka muda wa kukaa kichwani, na hairuhusu kuharakishwa. Wanafunzi wengi wanaamini kwamba mmenyuko ukifika kwenye msawazo, ukolezi wa pande zote mbili huwa sawa, au kwamba kila kitu kimesimama. Mawazo kama hayo hayafi kwa kuambiwa mara moja.

Kuhusu kitabu cha kiada sina mengi: chagua kimoja, kikiwezekana cha leseni huria ili kila mwanafunzi akipate bure, na ukifuate kwa mpangilio wako, si wake. Kagua jambo moja dogo. Tangu tarehe 20 Mei 2019 moli imefafanuliwa kwa namba kamili ya chembe, 6.02214076 × 10²³. Vitabu vya zamani, na slaidi nyingi zinazorithiwa kutoka mhadhiri mmoja hadi mwingine, bado vinaifafanua kwa gramu 12 za kaboni-12.

Hatua ya 5: Fundisha ngazi tatu, si moja

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Alex Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow alieleza kwa nini kemia huwa ngumu kwa anayeanza. Mkemia huzungumza katika ngazi tatu kwa wakati mmoja: kile kinachoonekana na kushikika, chembe zisizoonekana, na alama za kwenye karatasi. Mhadhiri anaruka kutoka ngazi moja hadi nyingine ndani ya sentensi moja bila hata kujua ameruka. Mwanafunzi, ambaye nafasi ya kumbukumbu yake ya papo kwa papo ni ndogo, anabaki ameshika alama tu, kwa sababu alama ndizo zinazoulizwa kwenye mtihani.

Matokeo yake yalionekana wazi mwaka 1987, Nurrenbern na Pickering walipolinganisha wanafunzi kwenye maswali ya hesabu na maswali ya picha za chembe kuhusu mambo yaleyale. Wengi waliokokotoa vizuri walishindwa kwenye picha. Ukitaka kuhakikisha kwa darasa lako, hili hapa swali.

Chora sanduku lenye molekuli nne za N₂ na sita za H₂. Andika juu yake N₂ + 3H₂ → 2NH₃. Waambie wachore sanduku baada ya mmenyuko kukamilika, tukichukulia unakwenda hadi mwisho. Usiseme zaidi. Pita kati ya viti uangalie karatasi. Utaona aina nne za majibu. Wapo wanaochora molekuli mbili tu za amonia, kwa sababu mlinganyo umeandika 2. Wapo wanaochora bonge moja lenye nitrojeni na haidrojeni zote zimeshikana. Wapo wanaochora amonia nne na kusahau kilichobaki. Na wapo wanaochora amonia nne na N₂ mbili zilizosalia, jibu sahihi. Karatasi hizo zinakueleza mengi kuliko hesabu 20 za gramu.

Kutokana na swali hilo unaweza kujenga mhadhara mzima wa dutu inayoisha kwanza. Dakika tano za mwanzo, swali la kukumbusha kitu cha wiki iliyopita, linalojibiwa kwa maandishi na vitabu vimefungwa. Dakika kumi za sanduku, kila mtu peke yake. Dakika nane, anamgeukia jirani mwenye mchoro tofauti na kila mmoja anatetea wake. Wewe unakusanya michoro mitatu tofauti ubaoni, ule wenye makosa ukiwemo, na kuwaacha wahesabu atomu za nitrojeni kabla na baada: nane kwa nane. Ndipo unaingiza gramu. Dakika 15 zinatosha mfano mmoja unaoufanya wewe kwa sauti, ukieleza unachofikiri na sio unachoandika tu, na mfano wa pili wanaoufanya wao. Dakika za mwisho, swali la kutokea nalo: dutu ipi imeisha, na ungejuaje ukiwa maabara?

Kwa maswali ya kuchagua, ipo njia iliyopata umaarufu kupitia Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard, miaka ya 1990. Kila mwanafunzi anapiga kura peke yake. Waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, waache wabishane wawili wawili, kisha wapige kura tena. Chini ya hapo, swali ni gumu mno na unahitaji kufundisha upya. Juu ya hapo, eleza kwa ufupi usonge mbele. Vidole mkononi au kadi za rangi vinafanya kazi sawa na kifaa cha bei.

Ushahidi wa kwamba mbinu hizi zina faida ni mzito. Uchambuzi wa tafiti 225 za sayansi, uhandisi na hisabati uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba katika madarasa ya mhadhara mtupu walifeli takriban 34 kati ya 100, na katika madarasa yanayowashughulisha wanafunzi takriban 22. Hilo halimaanishi mhadhara ufe. Dakika kumi za maelezo mazuri, baada ya mwanafunzi kukwama mwenyewe, hazina mbadala.

Jambo moja linalopuuzwa: ukimya. Walimu wengi husubiri kama sekunde moja baada ya kuuliza, kisha hujijibu. Subiri angalau tatu. Kwa swali la kemia, subiri kumi. Zitakuwa ndefu sana kwako na fupi sana kwao.

Hakikisha pia unayatafuta mawazo potofu mahali yanapojulikana kujificha. Kwamba mapovu ya maji yanayochemka ni haidrojeni na oksijeni. Kwamba kuvunja bondi hutoa nishati. Hili lina mizizi mirefu kwenye biolojia, ambako wanafunzi huzoea kusikia kwamba ATP, molekuli inayobeba nishati kwenye seli, "ina nishati ndani ya bondi zake". Kwamba chumvi ya mezani ina molekuli za NaCl. Kwamba kati ya chembe za gesi kuna hewa. Uliza kila moja kabla ya mada na baada ya mada.

Hatua ya 6: Ipe maabara kazi yake yenyewe

Maabara nyingi za mwaka wa kwanza hufanywa kwa kufuata maelekezo mstari kwa mstari: ongeza, koroga, andika rangi, ondoka. Mwanafunzi anaweza kumaliza bila kufikiri hata mara moja. Kabla ya kuchagua jaribio, amua linafundisha nini ambacho mhadhara hauwezi: kupima kwa usahihi, kupanga jaribio mwenyewe, au kujenga hoja kutokana na takwimu. Lengo moja kwa kila kipindi. Majaribio sita yenye lengo yanashinda 12 ya haraka.

Kwanza hesabu nafasi. Wanafunzi 300, maabara ya watu 24, ni makundi 13. Ukiendesha vipindi viwili vya saa tatu kwa siku, siku tano, una nafasi 10, hazitoshi. Njia nzuri ni kuyapishanisha makundi wiki kwa wiki: nafasi zinakuwa 20 katika wiki mbili, makundi 13 yanaingia, na saba zinabaki kwa wanaorudia na kwa fundi wa maabara kupumua. Katika muhula wa wiki 14, kila mwanafunzi anapata majaribio sita na wiki mbili za akiba. Vipindi vitatu kwa siku vinawezekana kwenye karatasi, lakini fundi hapati muda wa kuosha vyombo na kupanga upya, na hapo ndipo ajali huanzia.

Pili, hesabu kemikali. Chukua titresheni ya kawaida: kutafuta ukolezi halisi wa mmumunyo wa NaOH wa takriban 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) kwa kutumia potasiamu haidrojeni ftaleti, dutu ambayo moli yake moja ina gramu 204.22. Nusu gramu yake inamaliza takriban mililita 24.5 za NaOH, kiasi kizuri kwa bureti ya mililita 50. Kila mwanafunzi atafanya moja ya kukadiria na tatu za kweli, pamoja na kusuuza bureti. Weka mililita 150. Kwa watu 300 ni lita 45. Kila lita inataka gramu 4 za NaOH, jumla gramu 180. Ftaleti, gramu mbili kila mtu, jumla gramu 600. Agiza kilo moja. Ikaushe kwenye tanuri la nyuzi 110 kwa saa moja au mbili, ipoe ndani ya chombo kisichoingiza unyevu. NaOH itunzwe kwenye chupa za plastiki zenye kifuniko cha kubana, kwa sababu hufyonza kaboni dayoksaidi ya hewani na hung'ang'aniza vifuniko vya kioo.

Jaribio hili linafaa kufundisha jambo moja: kipimo kina mashaka, na mashaka yana ukubwa. Bureti yenye alama za 0.1 husomwa hadi mililita 0.01, tarakimu ya mwisho ikiwa ya kukadiria. Waambie warudie hadi wapate ukolezi unaokaribiana katika majaribio matatu, na wasifute lolote kwenye daftari. Lililokosewa linapigwa mstari mmoja ili libaki linasomeka. Kisha wakusanye matokeo ya kundi zima kwenye ubao. Thamani 24 za mmumunyo uleule, zimesambaa. Nani yuko sahihi? Mjadala wa dakika 20 kuhusu swali hilo una faida kuliko ripoti yoyote. Walioacha fenolfthaleini, kiashiria kinachobadilika rangi besi inapozidi, iwe nyekundu ya kukoza badala ya waridi hafifu watajitambua wenyewe: wametumia NaOH nyingi kupita kiasi, hivyo ukolezi wao umetoka mdogo.

Ripoti zifupishwe. Ukurasa mmoja: jedwali la takwimu, hesabu moja iliyoonyeshwa hatua kwa hatua, na aya moja inayojibu swali la siku. Ripoti kamili yenye utangulizi na mjadala iandikwe mara moja au mbili kwa muhula, irudishwe na maoni, iandikwe upya. Maandalizi yafanyike kabla ya kuingia: maswali matatu mafupi, asiyeyajibu haanzi. Wengi hutaka kulegeza hapa. Usilegeze.

Vifaa vikiwa haba, punguza kiwango badala ya idadi ya majaribio. Kemia ya kiwango kidogo, ya matone kwenye visahani vya vishimo, hutoa rangi na machicha yaleyale kwa sehemu ndogo ya kemikali na taka.

Hatua ya 7: Usalama uwe sehemu ya somo

Karatasi ya kanuni inayosainiwa siku ya kwanza hailindi jicho la mtu. Kwa kila jaribio, mwanafunzi ajibu mambo manne kwa maandishi: hatari ni ipi, ina uzito gani, naipunguzaje, na ikitokea nifanyeje. Afundishwe kusoma alama tisa za mfumo wa kimataifa wa lebo za kemikali. Miwani ya usalama hadi mtu wa mwisho amalize, sio hadi wewe umalize. Asidi inamiminwa kwenye maji, kamwe sio kinyume. Pipeti hainyonywi kwa mdomo. Bomba la kuoshea macho lijaribiwe kila wiki, na kila mtu ajue kwamba kemikali ikiingia jichoni maji yanatiririka kwa dakika 15, hata kama maumivu yamekwisha.

Na mhadhiri mwenyewe ajichunge na maonyesho ya darasani. Lile la kuwasha methanoli yenye chumvi mbalimbali ili kupata miali ya rangi limewaunguza wanafunzi mara nyingi, kiasi kwamba mwaka 2014 mamlaka ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilitoa onyo kuhusu maonyesho ya aina hiyo. Vijiti vya mbao vilivyolowekwa kwenye mmumunyo wa chumvi na kupitishwa kwenye mwali wa taa ya gesi vinatoa rangi zilezile, bila chupa ya methanoli karibu.

Hatua ya 8: Andaa wasaidizi

Mwanafunzi huonana na mkufunzi msaidizi kwa muda mrefu kuliko anavyoonana nawe. Kutaneni kila wiki kwa saa moja. Ajenda ni mbili tu: kila msaidizi awe amelifanya jaribio la wiki ijayo kwa mikono yake, na wote wasahihishe karatasi tatu zilezile kabla ya kugawana mafungu, mpaka alama zao zikaribiane. Katika semina, kazi yao ni kuuliza. Msaidizi anayeandika suluhisho ubaoni kwa saa nzima ameongeza mhadhara wa nne.

Hatua ya 9: Pima ulichofundisha

Mgawanyo wa alama unaofanya kazi vizuri: mtihani wa mwisho 40, majaribio matatu 30, maabara 20, kazi ndogondogo za kila wiki 10. Zile kumi ndizo zinazomfanya mwanafunzi asome kila wiki, na kujipima kwa kukumbuka bila kitabu hukaa kichwani kuliko kusoma kurasa zilezile tena na tena. Weka sharti la kufaulu maabara peke yake.

Kwa kila mtihani chora jedwali: matokeo ya kujifunza upande mmoja, aina ya fikra upande mwingine — kukumbuka, kukokotoa, kueleza kwa chembe, kutumia mahali papya. Jaza alama kwenye visanduku. Ukikuta asilimia 80 imelala kwenye kukokotoa, umejibiwa kwa nini wanafunzi wanakariri fomula. Angalau swali moja kati ya matano lidai mchoro au maelezo. Alama nyingi ziwe kwenye njia, na aliyekosa sehemu ya kwanza asiadhibiwe tena kwenye ya pili na ya tatu.

Baada ya kusahihisha, chukua robo ya juu na robo ya chini ya darasa na ulinganishe kila swali. Swali ambalo wanafunzi bora wamelikosa na dhaifu wamelipata karibu kila mara lina jibu lililokosewa kwenye mwongozo wa kusahihishia, au lugha yake ina mtego. Lirekebishe kabla ya kutangaza alama, vinginevyo utalirekebisha mlangoni kwako huku foleni ikiwa nje.

Hatua ya 10: Chunguza wiki ya 4, sio ya 14

Tathmini ya mwisho wa muhula haiwasaidii waliotathmini. Wiki ya 4 gawa kipande cha karatasi bila majina: nini kinakusaidia, nini kinakukwamisha, umetumia saa ngapi wiki iliyopita nje ya darasa? Jibu la tatu lilinganishe na jedwali lako la saa. Mhadhara unaofuata, waambie utabadilisha nini na nini hakitabadilika, na kwa nini.

Jaribio la kwanza likisharudi, waite waliopata chini ya nusu, wachache wachache, ndani ya wiki hiyo. Kila mmoja aje na karatasi yake na aeleze alijiandaaje. Mara nyingi utasikia "nilisoma maelezo yote mara tatu." Mpe maswali mawili yaliyofungwa majibu, afanye mbele yako, na umwonyeshe tofauti ya kusoma suluhisho na kulitengeneza. Nusu saa ya namna hiyo huokoa watu wengi kuliko kupandisha alama mwishoni.

Hatua ya 11: Funga jalada la kozi mapema

Ndani ya wiki moja baada ya mtihani, kabla hujasahau, andika kwenye kila mhadhara ulichukua dakika ngapi kweli, swali lipi lilizua ubishi mzuri na lipi lilikufa. Hifadhi michoro ya wanafunzi yenye makosa, bila majina. Ndiyo itakayokupa majibu potofu ya kuaminika kwenye maswali ya kuchagua ya mwaka ujao. Pitia hesabu ya kemikali na fundi wa maabara: kilichoagizwa, kilichotumika, kilichomwagwa. Hakikisha taka zenye klorini na zisizo nayo ziliwekwa kwenye madumu tofauti na lebo zake zinasomeka. Oda ya muhula ujao ipelekwe sasa hivi, maana ftaleti iliyochelewa kufika haisubiri wiki ya 3.